Mnyoo wa Kipolisi

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya. Vichwa vitatu tu tangu asubuhi, na kimojawapo ni changu mwenyewe.

Wakati huohuo kwa Luhaga, ng'ambo ya barabara, benchi limejaa mpaka watu wamegeuza ndoo kuwa viti. Luhaga! Mtu niliyemfundisha mimi kushika mashine ya kunyolea. Alikuwa akiishika kama mwiko wa ugali.

Sababu ya umati naijua. Ni Sajenti Mayala wa kituo chetu cha polisi, ambaye hunyolewa pale kila Jumatatu. Pembeni chini kabisa, juu zimeachwa kidogo, mstari wa mbele umenyooka kama uliopigwa rula. Akitoka yeye, wanaume watano wanaingia wakitaka vilevile. Mkuyuni nzima, mtaa wetu, sasa ina kichwa cha Sajenti Mayala. Mpaka muuza mkaa anacho.

Nisha, ambaye duka lake la mafuta ya nywele na mawigi liko jirani na saluni yangu, amenieleza bila kuulizwa. (Familia yao ya Kihindi iko Mwanza tangu babu wa babu yake, na Kisukuma chake kinaniaibisha mimi Mjaluo wa Mara.) Amesema watu wakiona polisi ameinamisha shingo mbele ya wembe wa mtu, wanauamini wembe huo. Nikasema shingo ya polisi ni shingo kama nyingine. Akasema basi, kaka Otuoma, tafuta moja.

Kisha akanipa habari. Ijumaa ya wiki ijayo kuna gwaride. Mkubwa anakuja kutoka makao makuu kukagua. Mkuu wa kituo anatafuta kinyozi mmoja wa kunyoa askari wote arobaini, na akiridhika atamfanya kinyozi wao wa kudumu.

Vichwa arobaini! Na nisipovipata? Mwenye fremu ameshaanza kumwonyesha Luhaga ukuta wangu kwa kidole, kwamba akihamia huku na ukibomolewa, saluni yake mpya itakuwa kubwa kweli. Mimi nitarudi kwa kaka yangu Shirati kuanika dagaa.

Nimemwambia mke wangu Aoko. Amesema niende kituoni mchana kweupe, nisalimie, nioneshe vifaa safi, niombe kazi. Mawazo ya kawaida kabisa. Mimi ninapanga.


Jumanne, 4 Februari

Utafiti!

Huwezi kuvinyoa vichwa usivyovielewa. Kwa nini polisi wanyoe hivi na si vile? Nimechukua daftari la hesabu la binti yangu Favour, nikasimama karibu na mzunguko wa barabara, nikaandika kila kichwa cha polisi kilichopita. Kumi na moja kufikia saa nne. Saba wana mtindo wa Mayala. Wawili kipara. Mmoja ana nywele za kawaida tu, kama mwalimu wa hisabati. Mmoja mwanamke, amesuka twende kilioni, mistari imekazwa mpaka nyusi zimepanda.

Nikauliza raia wanavyoona. Mama wa sangara, anayewauza sokoni, alisema polisi aliyenyoa pembeni ukimsalimia anaitikia kwa macho. Wa kipara hasikilizi, ameshaamua. Wa nywele za kawaida unaweza kumweleza matatizo yako tangu utotoni. Na aliyesuka? Mama akasema huyo usijaribu hata kuanza, maana mtu aliyevumilia kusukwa hivyo hatishwi na machozi yako.

Hazina! Nikaandika yote.

Hapo ndipo trafiki akanifuata. Akauliza ninaandika nini nikiwatazama askari. Nikasema nywele. Kisha akachungulia huku na huku, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama zake zinafaa. Mimi ni mtaalamu. Nikamwambia ukweli, kwamba kwa nyuma zinaaga.

Akavaa kofia. Akanipa dakika moja niwe nimevuka barabara na nisionekane tena upande ule. Nimerudi nyumbani kwa kuzungukia milimani.


Jumatano, 5 Februari

Nimeandika bango usiku kucha kichwani, asubuhi nikalipaka ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango, na mshale chini yake:

MNYOO WA KIPOLISI UNAPATIKANA HAPA.

Saa mbili akaingia mama mwenye mtoto mgongoni. Akauliza hiyo dawa ni ya vidonge au ya maji. Nikamwambia hapa ni saluni. Akasema anajua, lakini mtoto akilala anasaga meno, na kama minyoo hii ni mikali kiasi cha kuitwa ya kipolisi, basi anataka dawa yake.

Saa tatu wawili zaidi. Saa nne mzee mmoja alisimama mlangoni bila kuingia, akaniuliza kwa upole kama nimepimwa. Mwenye duka la dawa alikuja kunionya nisimwingilie kazi yake. Ng'ambo, Luhaga alikuwa amekaa chini kabisa, barabarani, kwa kucheka. Mteja wake alikuwa amenyolewa nusu, naye anacheka.

Saa sita akaja Koplo Bernadeta. Mwanamke mrefu, kipara kinachong'aa, kofia kwapani. Sikumweka kwenye utafiti wangu kwa sababu jana hakupita. Alisoma bango mara mbili, midomo ikitembea.

"Mwenye saluni," akasema, "ni polisi gani huyo mwenye minyoo?"

Nikajieleza. Nikasema nilimaanisha staili ya kunyoa. Akasema angeweza kuelewa kama ningeandika staili ya kunyoa. Kwa kuwa alikuwa pale, na mimi ni mtu wa utafiti, nikamuuliza yeye kwa nini ameamua kunyoa zote. Akasema nifute kwanza ukuta, maswali baadaye.

Nimefuta. Limebaki neno HAPA na mshale. Wasiojua kusoma wanadhani ni choo.


Alhamisi, 6 Februari

Ufumbuzi umenijia wakati wa uji. Kama polisi haji kwenye kiti changu, nitamtengeneza!

Shemeji yangu Obiero, mdogo wake Aoko, amekuja toka wiki iliyopita kutafuta kazi ya kupakia mizigo bandarini. Amepanga chumba Pasiansi. Kifua kama kabati, shingo hana, sauti inatoka kwenye pipa. Nimemkalisha, nikamnyoa kichwa cha Mayala, bora kuliko cha Mayala. Nikarudi nyuma hatua mbili nikajisikia kutaka kumpa kitambulisho changu.

Nikamwambia akae kwenye kiti cha dirishani, asome gazeti, akunje uso, asiseme chochote. Hatudanganyi mtu. Hajavaa sare, hajasema yeye ni nani. Ni kichwa tu!

Saa moja haikupita. Wakaingia watatu. Kisha wanne. Wote wanasema kwa sauti ndogo, wote "shikamoo" kwa Obiero, hata mmoja anayemzidi miaka ishirini. Mteja mmoja, sabuni ikiwa bado masikioni, ghafla akamgeukia na kueleza kwamba ile baiskeli hakuiiba, aliazimwa, na kesho atairudisha. Obiero akafungua ukurasa mwingine wa gazeti. Mteja akasema basi, atairudisha leo.

Vichwa kumi na vinne! Luhaga alisimama mlangoni kwake ameshika fagio asilolitumia.

Aoko alileta chakula cha mchana. Alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi. Akasema, "Baba Favour, hiki ulichofanya kina jina." Nikamwambia ndiyo, kinaitwa biashara.


Ijumaa, 7 Februari

Obiero amenogewa.

Asubuhi nilimkuta nje, mikono nyuma, anatazama bodaboda. Hakusema neno. Wakavaa helmeti mmoja mmoja. Wa mwisho hakuwa nayo, akaondoka akisukuma pikipiki kwa miguu. Nikamwambia shemeji arudi ndani. Akanijibu kwamba hali ya usalama eneo hili haikuwa nzuri alipofika.

Mchana walikuja wanawake wawili wanaogombania bata. Mmoja anasema bata ni wake, kaenda kutembea. Mwingine anasema kaanguliwa kwake na kakulia kwake. Nilitaka kuwaambia hapa ni saluni, lakini wateja sita walikuwa wamenyamaza kusikiliza, na mteja anayesikiliza haondoki. Obiero aliwauliza bata anaitwa nani. Hana jina. Akatafakari. Akaamua bata abaki hapa kama kielelezo mpaka Jumatatu.

Wale mama wakashukuru! Wakaondoka wamepatana, kwa kuwa wote wawili wamemkosa.

Sasa nina bata. Anakula nywele.


Jumamosi, 8 Februari

Ilikuwa saa tano. Saluni imejaa. Koplo Bernadeta akaingia, na pembeni yake Sajenti Mayala mwenyewe. Vichwa viwili vilevile vikatazamana, cha Mayala na cha Obiero, kama mtu na kioo. Wateja wakajibana ukutani. Bata akalia.

Bernadeta alimuuliza Obiero, kwa adabu kabisa, yuko kituo gani.

Obiero akasema Pasiansi.

Akaulizwa Pasiansi ipi.

Akasema chumba cha tatu, uani, karibu na bomba.

Sajenti Mayala akapiga saluti. Obiero akaruka, akajibu kwa mkono wa kushoto, gazeti likiwa ndani yake.

Tumepelekwa kituoni kwa miguu, sote watatu, bata mikononi mwangu. Mkuyuni nzima mlangoni. Luhaga alivua kofia kama anaona jeneza. Nilijua mambo mawili: saluni imekwisha, na dagaa wa Shirati wananisubiri juani. Obiero naye alikuwa analia kimyakimya, machozi yanateleza kwenye kifua kile chote.

Mkuu wa kituo, mzee mnene asiye na haraka, alitaka kujua kama tumechukua chochote kwa mtu kwa kujifanya polisi. Nikasema bata tu. Wale mama wawili walikuwa wameshafika kueleza hivyohivyo. Walisema pia afande yule asifungwe kwa sababu anasikiliza vizuri. Akawauliza aliwaambia yeye ni afande? Wakafikiri. Hapana. Walijuaje? Wakajibu pamoja, "Si kichwa!"

Mkuu akafunika uso kwa faili. Mabega yakawa yanatikisika.

Tulipokuwa tunasubiri onyo letu liandikwe, Bernadeta akakaa kwenye benchi karibu nami. Akasema niliuliza swali juzi, na ukuta nimefuta.

"Nilipoanza kazi nilikuwa nimesuka," akasema. "Mtu akifika kaunta ananiambia, dada, niitie afande. Mimi ndiye afande, nimevaa sare! Wanatafuta mwingine nyuma yangu. Siku moja nikanyoa zote. Kesho yake wakaanza, shikamoo afande."

Nikasema basi ilifanya kazi.

"Ilifanya. Sasa watoto wa mtaani kwetu wakiniona wanakimbia. Na mama yangu, nikienda kanisani Magu, ananifunga kitambaa kichwani kwa mkono wake mwenyewe, watu wasijue."

Nikampa bata amshike kidogo. Alimshika vizuri.

Onyo la maandishi. Obiero avae kofia mpaka nywele ziote. Bata amekabidhiwa kwa wale mama kwa zamu. Tulipofika mlangoni mkuu wa kituo akaniita. Nikajua ndiyo hiyo. Akasema ukweli usemwe, yule shemeji yako amenyolewa vizuri kuliko askari wangu. Njoo Jumatano ushindane na Luhaga. Kichwa kimoja kimoja. Atakayeshinda atanyoa gwaride.

Nilimkumbatia Obiero. Aoko alikuwa nje ya geti amesimama na mwavuli. Amenitukana kwa Kijaluo kuanzia pale mpaka nyumbani, lakini alinishika mkono.


Jumanne, 11 Februari

Aoko anasema nimepewa bahati ya bure, nisiiguse. Ninoe wembe, nilale mapema.

Lakini Luhaga! Mkono wake umekuwa mzuri, hilo nalikubali humu ndani tu. Nimepita kwake adhuhuri kumtakia heri. Alienda kunitafutia kiti. Mashine yake ilikuwa mezani. Ina kile kichana cha plastiki cha mbele kinachozuia isikate mpaka ngozi. Nimekilegeza kidogo. Skrubu moja tu! Atakapofika katikati ya kichwa, kitadondoka, na kichwa kitaamua chenyewe mshindi.

Luhaga alinipa soda. Akaniambia mwalimu wangu, kesho yeyote atakayeshinda tusinuniane. Nikasema hakika. Soda ilikuwa ya baridi sana.


Jumatano, 12 Februari

Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo kwa Nisha, kati ya mawigi.

Uwanja wa kituo. Viti viwili. Askari wote wamezunguka. Nilipewa Sajenti Mayala, Luhaga akapewa yule mwenye nywele za mwalimu wa hisabati. Mayala hakupenda. Alimwomba mkuu abadilishiwe, akakataliwa. Alipovua kofia na mimi kuziinua zile nywele za juu kwa kitana, nikaelewa.

Katikati peupe! Pakubwa kama kisahani cha chai. Ule mtindo wote, ule unaoigwa na Mkuyuni nzima mpaka na muuza mkaa, ni mlango wa kufungia kipara! Zile za mbele zinalazwa nyuma kidogo, za pembeni zinakatwa chini ili za juu zionekane nyingi. Luhaga peke yake ndiye aliyejua. Mayala akaninong'oneza, "Otuoma, mimi na wewe tu." Yule jitu aliyetutembeza juzi barabarani. Nikamwambia afande, siri ya kinyozi.

Na ningeitunza. Lakini mkuu wa kituo akainua mkono. Akasema kwa ajili ya haki, mtu asije akasema ameshinda mashine na si fundi, kila kinyozi atumie mashine ya mwenzake.

Luhaga akanikabidhi yake akitabasamu.

Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo, nikawaona askari thelathini na nane wakinitazama, nikaufunga. Nikasema moyoni nitakwenda polepole.

Kichana kilidondoka kwenye paji la uso. Mashine ikaendelea. Ilifungua barabara nyeupe toka mbele mpaka nyuma, ikapitia kisahani, ikatokea upande wa pili.

Kunguru mmoja akalia juu ya paa.

Hapakuwa na la kufanya ila kumaliza. Nimenyoa zote. Nilipofuta povu, Mayala aliomba kioo. Akajitazama. Bernadeta ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikubwa cha mdomo wazi, akasema, "Sajenti, kumbe una sura!" Wengine wakafuata. Mayala akavaa kofia, ikashuka mpaka masikioni, akaondoka.

Luhaga ameshinda. Alinyoa vizuri, kwa mashine yangu. Aliponirudishia yangu na kupokea yake, alitazama ile skrubu, akanitazama, akaitia mashine mfukoni. Bora angenitukana.


Ijumaa, 14 Februari

Gwaride limepita. Nimelisikia kwa ngoma tu, nikiwa dukani kwa Nisha, mkono mmoja kwenye komeo.

Saa tisa nikafungua saluni nianze kufunga vitu kwenye maboksi. Kivuli mlangoni. Sajenti Mayala, bila kofia. Nikashika mgongo wa kiti.

Akakaa juu ya kiti. Akasema, "Zimeanza kuota. Ondoa."

Nilimpaka povu nikimwomba Mungu. Akaanza kuongea mwenyewe. Amesema kwa miaka saba hajavua kofia mbele ya mashemeji zake. Upepo wa ziwa ukivuma alikuwa anashika kichwa badala ya kushika mhalifu. Leo baada ya gwaride alipita sokoni hivihivi, amechoka kujificha. Mama wa sangara alimwita baba mchungaji. Mtoto alimgusa kichwa. Na bibi mmoja akamvuta pembeni, akamweleza ni nani aliyeng'oa sola ya zahanati mwezi wa kumi na moja. Alikuwa anajua siku zote. Alikuwa anamwogopa yeye, Mayala, akiwa na zile nywele.

"Nilidhani ndizo zinanipa heshima," akasema.

Nikamwambia utafiti wangu ulionesha kipara ndicho kinachotisha. Akasema labda cha mtu mwingine. Cha Bernadeta kinatisha. Ila naye leo kavuliwa kofia na mtoto wa jirani, wamecheka wote wawili, na anafikiria kuachia nywele kidogo, aone.

Mayala atakuja kwangu kila Ijumaa. Luhaga hajui kunyoa kipara bila kukwaruza. Askari wawili wengine, wenye visahani vyao, watakuja naye. Mwenye fremu amepita, ameona nani yuko kwenye kiti, ukuta wangu ameusalimia kwa heshima.

Mayala alipokuwa anatoka alisimama. Akasema amekaa kwenye polisi miaka ishirini na anajua kifaa kilichochezewa. Hatanishtaki. Lakini niende kwa Luhaga nimwambie kwa mdomo wangu, na kuanzia leo nifanye kazi ninayoijua, kwa njia inayoonekana.

Nikaapa. Nililia kidogo. Nimemweleza Aoko kila kitu, amenipikia sato mzima.


Jumamosi, 15 Februari

Mtu mpya! Nimeamka alfajiri, nimefagia, nimepiga spiriti vifaa vyote. Nilikuwa naelekea kabisa kwa Luhaga, nimeshavuka nusu ya barabara.

Akanisimamisha karani mmoja wa mahakama. Ana boksi. Ndani kuna wigi jeupe la jaji, lile la sherehe, la manyoya ya farasi. Jaji analihitaji Jumatatu. Ameambiwa atafute mtu wa kulipitishia brashi taratibu, brashi tu, amesisitiza mara tatu.

Nimekaa nalo kitini. Nikaliangalia. Majaji wako wangapi nchi hii? Wote wana wigi! Wigi halisogei, haliulizi kioo, halina siri. Kwa nini nihangaike na vichwa vya watu? Otuoma, Fundi wa Mahakama! Luhaga atakoma. Nitamwomba radhi siku nyingine, nikiwa na bango jipya.

Brashi peke yake haioneshi ufundi. Nimelichemsha dakika kumi kwa sabuni ya kufulia.

Limekuwa jeupe mno. Pia limekuwa dogo, linakaa vizuri juu ya chungwa. Lakini karani hakuniambia ukubwa wa kichwa cha jaji, na kwa uzoefu wangu watu wenye akili nyingi huwa na vichwa vidogo sana.